Poda ya Mwaka Tisini na Tano

Annexe, Lubumbashi, 9 Februari

Mdogo wangu Mariam,

Asalaam aleikum. Usishtuke kupata barua, hakuna aliyekufa. Mama mzima. Mguu wake wa kushoto unalalamika, na yeye mwenyewe analalamika kuliko mguu.

Simu ipo, tena ina chaji, lakini simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Ukituma sauti, Mama anataka iwekwe juu asikie, na akisikia yeye, lupango lote, ua mzima, limesikia, mpaka jirani wa ng'ambo ya ukuta anaanza kukujibu. Karatasi haipigi kelele. Mado, yule anayetuletea unga kutoka kwenu, anavuka mpaka wa Mokambo kila Alhamisi, naye amekubali kubeba bahasha mradi isiwe nene.

Nina swali la Kiingereza. Wewe umekaa Mufulira, huko Zambia, miaka ishirini na saba, unagombana na wauza vitunguu kwa Kiingereza, kwa hiyo wewe ndiye kamusi yetu. Mtoto wa mteja wangu mmoja anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari. Katika kitabu cha maswali ya zamani amekuta sentensi hii: "She passed with flying colours." Tumeichambua, mimi na yeye, kwa kamusi niliyoinunua sokoni ikiwa haina jalada wala herufi A. Alipita na rangi zinazoruka. Mimi nikaona mpaka-rangi anateleza kwenye ngazi na ndoo zake. Lakini katika majibu matano ya kuchagua hapakuwa na ndoo hata moja.

Nieleze taratibu. Maneno haya wanayasema wapi, kwa nani, na kwa nani hayafai? Huyo mtoto akishika kitu anataka kukijua mpaka mwisho.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Zakari


Mufulira, 21 Februari

Yaya Zakari,

Aleikum salaam. Mado amefika na bahasha yako ikinuka sabuni na samaki mkavu, lakini inasomeka.

Swali lako nililipeleka kwa Chilufya, mwalimu wa Kiingereza katika shule ninayopikia. Nilimvizia saa ya chai, maana akiwa na kikombe mkononi hakimbii. Anasema hizo rangi ni bendera. Zamani meli zilikwenda vitani, na watu wa bandarini walikuwa hawana habari yoyote mpaka meli itokeze. Ikirudi bendera zikipepea juu, wanajua imeshinda. Iliyoshindwa ilishusha bendera yake, au ilinyang'anywa.

Kwa hiyo maana yake ni kufaulu vizuri kabisa, kiasi kwamba mtu wa mbali anaona bila kuuliza. Wanasema kwa mtihani wa shule, kwa mtihani wa udereva, kwa mgonjwa aliyepimwa moyo akakutwa mzima. Hata daraja likipitishiwa lori zito lisitikisike, wanasema limepita hivyo. Nikamuuliza: na mwenye asilimia hamsini? Chilufya akacheka mpaka chai ikamwagika. Huyo, anasema, amepita tu. Bendera yake ikae sandukuni.

Ila nashangaa kidogo. Mwenye diplome, cheti cha kumaliza sekondari, ni wewe. Kiingereza ulikifanyia mtihani mwaka tisini na tano ukapita, na leo mimi niliyetolewa darasa la tatu la sekondari ndiye ninayekufundisha. Usikasirike, nacheka.

Salamu kwa Mama. Mwambie dawa ya mguu ni kutembea, siyo kuusimulia.

Mariam


Annexe, 6 Machi

Mdogo wangu,

Mwambie mwalimu Chilufya nimeshukuru, na chai iliyomwagika iko juu yangu.

Hizi bendera zimeniingia kichwani. Nashona nikiziona. Sisi hapa hatuna bahari wala meli, tuna poda. Umeondoka zamani lakini huwezi kuwa umesahau: matokeo yakitoka, aliyepita anamwagiwa poda nyeupe ya watoto, kichwa, uso, shingo, na anarudi nyumbani kwa miguu hivyo hivyo ili mji umwone. Poda ikiisha madukani wanamwagia unga. Mado anasema wiki hiyo ndiyo anayoipenda kuliko Idi na Noeli.

Lakini angalia tofauti. Waingereza wana bendera kwa waliopita vizuri peke yao. Poda yetu haiulizi asilimia. Wa hamsini na wa themanini wote weupe sawasawa, na mama zao wanapiga vigelegele sawasawa. Nani mwenye akili hapo, wao au sisi? Nimewauliza wateja watatu. Wawili walisema sisi. Wa tatu alisema nimalize suruali yake.

Suruali yenyewe, alipoivaa, aliinama mara tatu kutazama kama itachanika, na haikuchanika. Nikamwambia kwa Kiingereza imepita na bendera zikipepea. Je, nilikosea? Suruali inaweza?

Swali la mwisho, la yule mtoto. Anauliza: ikiwa meli imeshindwa vitani, lakini nahodha akaacha bendera juu, na watu bandarini wakaanza kushangilia, Waingereza wana maneno gani kwa meli hiyo? Na nahodha anafanya nini akishashuka?

Mama anakusalimu. Jirani mpya alimuuliza jina, akajibu "Mama Diplome" bila kupepesa macho. Miaka thelathini, na bado analitamka kama anaonja sukari.

Zakari


Mufulira, 20 Machi

Yaya,

Suruali inaweza, anasema Chilufya, ila kwa mzaha.

Kuhusu nahodha wako: Waingereza wanayo maneno. Meli iliyopandisha bendera isiyo yake wanasema inasafiri na rangi za uongo, na hiyo si sifa. Hilo la kushuka bandarini Chilufya halijui, anasema vitabu vinaishia baharini. Halafu akaniuliza: "Huyo mtoto wa mteja ana miaka mingapi?" Nikamwongezea chai.

Nilikwepa hivyo kwa sababu Mado alikuwa ameshaniletea habari nyingine. Anasema Jumanne alipita mbele ya shule moja huko kwenu, akaona mstari wa vijana wanaofanya jaribio la kwanza la autodidacte, wale waliosoma peke yao bila shule wanaoomba kuingia mtihani wa Serikali. Katikati ya mstari, kichwa kizima juu ya wengine, fundi Zakari.

Anasema alikuita: "Eh, fundi! Weye uko natafuta nini huku na batoto?"

Nawe ukamjibu: "Niko napima bo uniforme."

Yaya, Mado si mjinga. Futi ya kupimia nguo hukuwa nayo. Ulikuwa na kalamu mbili na karatasi yenye picha yako.

Diplome imepotea? Kama imepotea, si watu wanaomba nakala? Kwa nini mtu mwenye diplome asimame juani kutafuta diplome? Mimi nimezoea vichekesho vyako, lakini hiki sijakielewa. Niambie.

Mariam


Annexe, 3 Aprili

Mariam,

Hakuna mtoto wa mteja. Mtoto ni mimi, na nina miaka arobaini na tisa.

Diplome haikupotea. Haikuwahi kuwapo.

Mwaka ule, unakumbuka, majina yalibandikwa kwenye ukuta wa shule. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba ukuta wenyewe hauonekani. Edouard, rafiki yangu yule ambaye baba yake alifanya kazi reli, alifika mbele kabla yangu. Aliona jina lake. Alirudi akisukuma watu, kopo la poda mkononi, akanikumbatia akipiga kelele: "Tumepita! Tumepita!" Akanimwagia. Nilidhani amesoma na la kwangu. Nilifurahi dakika mbili, Mariam. Sijawahi kufurahi hivyo tena, hata siku ya harusi yangu, samahani kwa wifi yako.

Kisha nilifika ukutani. Nilisoma kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu, nikidhani labda upande ule ningeonekana. Nilimwuliza Edouard. Akasema: "Mi nafikiri ulishaiona jina yako!" Si mwongo yule. Yeye alimwaga tu kwa furaha, na mimi nilikuwa karibu.

Nilitafuta bomba ninawe. Halikuwa na maji. Ikabidi nitembee hivyo. Njia nzima watu wananipa mkono. Kwenye kona yetu Mama aliniona toka mbali, na vigelegele vyake vilinifikia kabla sijafungua mdomo. Baba, Mungu amrehemu, alitoka, yeye ambaye hakuacha mashini yake ya kushona hata kwa mvua ya mawe, akatoka na futi shingoni. Nilifungua mdomo niseme. Poda ikaniingia kooni, nikakohoa mpaka machozi. Wakasema: tazama, analia kwa furaha. Jioni hawakuweza kusikia neno, mbuzi alikuwa ameshachinjwa.

Nilijiambia kesho. Unajua diplome za wakati ule, zilichelewa miaka na miaka, hata kwa waliopita. Baba aliuliza mara moja tu. Nilijibu ziko Kinshasa, akatikisa kichwa kwa huruma. Nilipokaa kwenye mashini pembeni yake, watu walisema: masikini, msomi amekosa kazi. Hata huruma yao niliila bure.

Lakini si hilo linalonifanya niandike. Ni Septemba ya mwaka ule. Tulikuwa tunakula. Baba akasema: "Hii nyumba iko na diplome. Inatosha. Mariam atasaidia mama yake." Wewe ulinitazama mimi. Labda ulidhani msomi atasema neno.

Niliongeza mchuzi. Ndicho ninachokumbuka, kwamba nilivuta bakuli nikaongeza mchuzi.

Jaribio la autodidacte nimelipita. Mtihani wenyewe ni Juni. Nataka kile nilichopakwa kiwe kweli.

Zakari


Annexe, 8 Mei

Mariam,

Mado anasema ulimpokea, ukampa chai, ukaulizia watoto wake mmoja mmoja kwa majina, na bahasha hukumpa.

Leo tumeandika insha ya Kifaransa, ile inayotangulia mtihani wa Juni. Walituuliza kama kosa linaweza kumfundisha mtu. Nilijaza kurasa nne. Kijana wa pembeni yangu alijaza nusu, akalala.

Zakari


Annexe, 19 Juni

Mariam,

Nimemaliza siku zote nne. Ile sentensi ya bendera haikutoka. Waliuliza habari za mkulima na ng'ombe wake.

Alhamisi iliyopita Mado alileta vitunguu vyako kwa Mama. Nilitafuta barua mpaka ndani ya maganda.

Zakari


Mufulira, 27 Juni

Zakari,

Nimekuandikia barua nne. Tatu nimewashia jiko la shule. Hii nitampa Mado kabla haijapata joto.

Nilikuwa wa pili darasani. Hukuandika hilo, labda hulijui. Mwalimu wangu alikuja nyumbani mara mbili kumwomba Baba aniache niendelee. Mara ya pili alikaa mpaka Baba akaanza kukata kitambaa ili kumwonyesha mazungumzo yamekwisha. Aliyemletea kiti alikuwa wewe. Ulimletea kiti, ukasimama mlangoni ukasikiliza, ukaenda zako.

Usiniambie niliolewa vizuri. Niliolewa vizuri. Mume wangu ni mtu mwema na watoto wangu wanasoma. Hayo ni ya kwangu, wewe hukunipa. Miaka yote hii nimejiambia: sawa, mimi nilitolewa lakini nyumba ilipata diplome. Nikipika ugali wa watoto mia mbili wa watu, nilikuwa najiambia hivyo. Sasa nimwambie nini huyo aliyekuwa akijiambia?

Sitaki samahani yako, hasa ikiwa na vichekesho ndani. Nataka kitu kimoja.

Matokeo yanatoka mwezi ujao. Ukipita, watakumwagia poda mpya juu ya ile ya zamani, na hakuna atakayejua kamwe. Utakuwa umetengeneza, kama unavyotengeneza nguo: kiraka kwa ndani, nje panapendeza. Ndiyo maana umefanya mtihani, na usiniambie siyo.

Basi shusha bendera kwanza. Mwambie Mama kabla majina hayajatoka, ukiwa hujui kama umepita au hukupita. Ukimwambia baada, usiniandikie tena. Vitunguu vitakuja, ni vya Mama.

Mariam

Chilufya ananiuliza, hao autodidacte wanapokelewa mpaka umri gani? Nauliza kwa niaba yake.


Annexe, 14 Julai

Mariam,

Nilimwambia. Jumamosi ya tarehe tano, asubuhi, akichambua maharagwe kwenye ungo. Nakuandikia yote kama yalivyokuwa, bila kupiga pasi.

Nilisema: "Mama, ile diplome ya tisini na tano haikuwa."

"Haikuwa nini?"

"Haikuwa. Sikupita. Edouard njo alipita."

Aliendelea kuchambua. Akatupa jiwe moja, akatupa la pili.

"Na ile poda?"

"Ya Edouard."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi alikuwa wetu."

Nilidhani atacheka, maana unamjua. Hakucheka. Akasema: "Myaka makumi tatu bananiita Mama Diplome. Na mi naitika." Halafu akaweka ungo chini. "Na Mariam?"

Niliokota jiwe alilolitupa.

"Niko nakuuliza. Na Mariam? Baba yako alimutoa mutoto ku masomo juu ya diplome ya nani?"

Nikasema: "Ya Edouard."

Alisimama bila kushika ukuta, na mguu ule ule, akaingia ndani. Siku mbili hakusema nami. Alisema na mguu. Siku ya tatu yule jirani mpya alipita akaita: "Mama Diplome, jambo!" Nilikuwa kwenye mashini, nikaacha kukanyaga nisikie.

Mama akamjibu: "Ile jina uache. Uniite Mama Mariam."

Mimi ndiye kifungua mimba, Mariam. Unajua uzito wa hilo jina. Niliendelea kukanyaga mashini. Tangu siku hiyo hata mteja wangu wa suruali anamwita hivyo.

Ulisema kweli kuhusu kiraka. Nilijiambia ni kwa ajili ya ukweli, lakini tangu Februari nilikuwa naota nikirudi mweupe tena kwa njia ile ile, na moyo wangu ukisema sasa yamekwisha. Ulinishika mahali pa pindo.

Matokeo yametoka leo asubuhi. Barabara yote ni nyeupe, hata mbwa wa jirani amepata. Sijatazama. Ndani ya bahasha hii kuna namba yangu ya mtihani. Orodha iko kwenye intaneti, hata Zambia inafunguka. Safari ile mtu alifurahi kwa niaba yangu kabla sijasoma. Safari hii soma wewe, na usinionee huruma. Nitakaa bila kujua mpaka Alhamisi nyingine, na hilo nalo ni haki.

Mwambie mwalimu Chilufya umri hauna mwisho. Katika chumba chetu alikuwamo bibi mmoja wa Kambove aliyetuita sote "batoto", pamoja na msimamizi. Wanaanza kuandikisha mwezi wa kumi. Wanataka cheti cha msingi na picha. Cha kwako, au cha mtu yeyote anayeuliza, kiko katika sanduku la Baba chini ya mkasi mkubwa. Nimekiona leo. Wino haujafifia.

Zakari


Mufulira, 18 Julai

Yaya,

Nimesoma. Chilufya alishika simu, mimi nikashuka na kidole. Nilisoma kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu, nipate uhakika.

Asilimia hamsini na mbili.

Chilufya anasema kwa Kiingereza hiyo haina bendera hata ya leso, wanasema tu amepita. Nimemwambia kwetu ni nyeupe ile ile.

Usijipake. Usitoke barabarani. Na Edouard akija kukupongeza, asikaribie na kopo. Nakuja mwenyewe Alhamisi inayofuata barua hii, na Mado, kupitia Mokambo, nikumwagie mbele ya Mama. Nitamwaga nyingi, na nitakumwagia machoni, ujue mapema.

Nimenunua makopo mawili. La pili lisifunguliwe. Liweke juu ya kabati la Mama, likae mpaka mwakani.

Mariam,
wa darasa la tatu